Mengineyo

Kwenye fomu ya ofisi ya maji, ukurasa wa tatu,
pana safu ya mhandisi, safu ya fundi, safu ya vibarua.
Shebwana hakupata safu.
Karani alijikuna kichwa kwa kalamu, akamwandika chini kabisa:
mengineyo.

Mimi ni fundi wa simu, Mwembe Tayari,
meza moja, mwavuli mmoja, chuma cha kulehemu.
Nimezoea vitu vinavyokiri kuharibika:
kioo kimepasuka, betri imevimba, spika imeingia chumvi.
Lakini Majengo mwaka ule kiliharibika kitu kisichoonekana.
Mifereji ilikauka. Ankara zikaja za maji tusiyoyanywa.
Ardhi ilikuwa ikinywa kwa niaba yetu.

Wakachimba pale wakakosa, wakachimba hapa wakakosa,
mtaa ukawa mashimo matupu
kama bao la watu wasiojua kucheza.

Nikaunda chombo: kinasa sauti cha simu mbovu,
kopo la maziwa, nondo ya kudunga chini,
visikizi masikioni.
Nikasikia kila kitu, yaani sikusikia kitu:
mashine ya unga, tuktuk, adhana, mtoto mwenye homa,
Mombasa nzima ikinimiminikia kama uji usiochujwa.

Shebwana alikuja na simu iliyolowa,
mpiga udi wa harusi za Kibokoni,
risha kaichomeka sikioni kama penseli ya seremala.
Akavivaa visikizi bila kuomba. Akafumba macho.
"Kuna moja hapo chini imeshikilia," akasema,
"haipandi, haishuki,
kama uzi wa nne ukilegea nusu ya nusu.
Hizi nyingine zapita njia. Hiyo imekaa."

Sikujua kwamba maji yakitoroka yana makamo ya sauti.
Yeye hakujua kwamba kelele huchujwa
kwa kapasita ya shilingi ishirini.
Tukagombana wiki mbili.
Mimi nataka namba, yeye ananiimbia puani.
"Ni hezi ngapi?" namuuliza.
"Ni kama mtu anayeficha kilio mbele ya wageni."
Nikayaandika hayo hayo daftarini,
na pembeni, kwa wino mwekundu: mia nne na kumi.

Mwanamkuu, mchora hina, ndiye aliyeicheka ramani yetu.
Akaichana. Akachora mtaa upya
kama anavyochora mkono wa bi harusi:
bomba kuu shina, viungo vikonyo, nyumba majani,
na pale tulipopashuku akapaacha peupe.
"Jicho hukimbilia pasipo rangi.
Nimefunzwa na mabibi harusi wenye makovu."

Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane,
tukadunga nondo nyuma ya kibanda cha Nyevu, muuza mahamri.
Shebwana akainua kidole.
Mimi niliukodolea macho mshale.
Kidole na mshale vikafika pamoja.

Futi nne chini, bomba la kale,
ufa mwembamba kama ukucha wa mtoto,
likiimba peke yake sijui tangu lini.
Vibarua walishangilia. Shebwana alichuchumaa,
akalisikiliza hadi fundi alipolifunga mdomo.
"Imekufia kwenye noti nzuri," akasema.
Wenzangu wakacheka.
Mimi sikucheka. Niliisikia.

Sasa waja wageni na kamera,
wauliza chombo kimevumbuliwa na nani.
Nawaonyesha kopo. Nawaonyesha karatasi ya Mwanamkuu,
ule weupe katikati ya maua.
"Na huyu mwenye udi," wananiuliza, "huja kuwaburudisha?"

Fomu ya Bondeni nimeijaza mwenyewe.
Jina la Shebwana nimeliweka juu kabisa,
na kwenye nafasi ya cheo nimeandika: sikio.
Karani ameirudisha leo asubuhi.
Anasema sikio si cheo.

Tunadunga nondo kesho, hivyo hivyo.